Twende Mwanza, Turudi Wote: Vidokezo 14 vya Siku ya Familia Jijini

Likizo ya Juni ikikaribia, nyumba nyingi za Kolandoto huwa na swali moja mezani: "Baba, Mwanza tunaenda lini?" Watoto wameshasikia kwa wenzao habari za ziwa, boti, maghorofa na yale mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine. Shinyanga mjini wameshapazoea, Maganzo wanapita kila wakienda kwa bibi. Jiji letu la karibu ni Mwanza, na ukipanda gari la alfajiri unaingia Nyegezi kabla jua halijakolea. Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kulipia gesti.

Umbali si tatizo. Tatizo ni kwamba siku moja ni fupi, watoto wana miguu, na wazazi wengi hutaka kuimaliza Mwanza yote kwa mkupuo mmoja. Siku iliyo salama ni siku ndogo: sehemu mbili, saa moja ya kurudi isiyobadilika, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa. Haya, tupange.

1. Sehemu mbili zinatosha

Mpango wa familia huanza vizuri kisha hunenepa. Twende Saanane. Halafu Bujora. Halafu Rock City Mall watoto wapande ngazi za umeme. Halafu Mwaloni tununue dagaa. Muda ukibaki, tumsalimie shangazi Igoma. Ndugu yangu, muda hautabaki.

Kisiwa cha Saanane kiko upande wa Capri Point, pale mjini. Makumbusho ya Bujora yako Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Ukitaka vyote kwa siku moja, nusu ya siku utaimalizia ndani ya daladala. Na haraka ndiyo inayopoteza watoto, kwa sababu mtu anayekimbilia gari hahesabu.

Chagua moja kati ya hizi mbili. Siku ya ziwa: asubuhi Saanane, mchana chakula na kulitazama Jiwe la Bismarck. Au siku ya Bujora: asubuhi makumbusho na ngoma, mchana chakula mjini. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano, punguza tena, ibaki sehemu moja na chakula. Shangazi wa Igoma apigiwe simu, ataelewa.

2. Iogope sikukuu

Krismasi, Mwaka Mpya na Idi, kila mtu wa Kanda ya Ziwa huwa na wazo lilelile ulilonalo wewe. Mabasi hujaa, boti hujaa, kumbi hujaa. Majirani zetu wa Tabora wanaijua bei ya msongamano. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto 20 walikufa katika disko toto, ndani ya ukumbi uliojaa kupita kiasi. Watoto hao walitoka nyumbani wakiwa wamevaa nguo mpya.

Kwa hiyo weka sheria mbili. Kwanza, safari ifanyike Jumamosi ya kawaida, hasa kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekwisha. Pili, kokote mtakakoingia, tafuta kwa macho mlango wa pili wa kutokea kabla hamjakaa. Usipouona, au ukiuona umefungwa kwa kufuli, geuka na watoto wako. Hela ya kiingilio ikipotea, ipotee.

3. Gawaneni kazi usiku wa kuamkia safari

Baada ya chakula cha jioni, kaeni dakika kumi. Nani anashika pesa? Nani anashika mfuko wa chakula? Nani anahesabu? Mhesabuji asiwe yule mwenye pesa, kwa sababu mwenye pesa muda wote anabishana na konda. Mpe kazi hiyo mama mdogo, kaka aliyemaliza kidato cha nne, au babu mwenye sauti. Anahesabu kila mnapopanda gari, kila mnaposhuka, kila mnapotoka chooni. Kama mko tisa, neno "tisa" lisikike kwa sauti kabla mtu hajapiga hatua.

Watoto wawekeni wawiliwawili, mkubwa na mdogo, na kila mkubwa ajue mkono wa nani ni wake. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu ni hesabu nzuri ya mjini. Kando ya ziwa, mmoja kwa wawili.

Asubuhi, kabla hamjatoka uani, piga picha ya watoto wote wakiwa wamesimama, kuanzia kichwani hadi miguuni. Wakati wa hofu hakuna mzazi anayekumbuka kama mtoto alivaa fulana ya bluu au ya kijani. Ukiweza, wavishe wote rangi moja inayong'aa, ya njano au ya machungwa. Na jirani ajue mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

4. Mtoto ajue jina la mama yake

Muulize mtoto wa miaka sita wa hapa kwetu anaitwa nani, atakujibu, "Kulwa." Mama yako anaitwa nani? "Mama Kulwa." Baba je? "Baba Kulwa." Unakaa wapi? "Nyumbani." Askari wa Mwanza atafanya nini na majibu hayo, katika mkoa ambao kila mtaa una Kulwa na Doto wake?

Wiki moja kabla ya safari, wafundishe vitu vitatu: majina kamili ya mzazi mmoja, neno "Kolandoto, Shinyanga", na namba ya simu. Namba iimbeni kama wimbo wa darasani, itashika haraka. Kwa wasioweza, iandike kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa mkono, au kwenye karatasi iliyoshonwa ndani ya mfuko wa nguo. Andika namba mbili, ya mtu mliye naye safarini na ya mtu aliyebaki nyumbani. Jina la mtoto usilibandike kifuani wala mgongoni. Mgeni akimwita kwa jina lake, mtoto humwamini.

5. Nauli ya kurudi haiguswi

Kabla ya hesabu nyingine yoyote, toa nauli ya kurudi ya watu wote, iweke mahali pake, na isahau. Kinachobaki ndiyo bajeti yenu. Ice cream, baluni na picha vitatoka humo, na vikiisha vimeisha.

Taslimu igawanye kwa watu wazima wawili. Nyingine ibaki kwenye simu, na namba ya siri usiibonyeze mbele za watu stendi. Siku hiyo ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", upite tu. Matapeli wanajua msafiri mwenye watoto hana muda wa kufikiri.

Kitambulisho cha NIDA kibebe. Kwenye hifadhi za taifa, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, na ofisa ana haki ya kukuuliza wewe ni nani. Kadi ya bima ya afya, kama mnayo, nayo iwemo.

6. Kiti kwanza, safari baadaye

Kolandoto tuna bahati ya kukaa kwenye barabara ya Mwanza. Unaweza kusimama kituoni ukasubiri gari linalotoka Shinyanga mjini. Lakini mwenye familia asitegemee bahati ya njiani, kwa sababu gari likifika limejaa, konda atakuambia, "Panda, mbele wanashuka." Mbele ni wapi? Hungumalwa? Misungwi? Ni afadhali kuingia mjini alfajiri, mkate tiketi stendi na kukaa kila mtu kwenye kiti chake. Tiketi itunze. Ina namba ya gari, na ukisahau mfuko au ukiwa na malalamiko ya kupeleka LATRA, utaihitaji.

Vile vigari vidogo vya mchomoko viacheni kwa siku hii. Vinaondoka haraka, ndiyo, lakini mbele wanakaa wawili kando ya dereva, nyuma wanne na watoto mapajani. Mkanda wa mtu mmoja hauwezi kufunga watu wawili.

Ndani ya basi, mtoto akae katikati ya watu wazima au dirishani, kichwa na mikono ndani. Mtoto anayetapika safarini apewe uji mwepesi asubuhi, si chapati na chai ya maziwa, na mbebee kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuomba mfuko kwa konda.

Dereva akiendesha ovyo, msemeni. Anzeni kwa heshima: "Dereva, tuna watoto humu." Asiposikia, simu ya polisi ni 112.

7. Wa Geita, daraja ni la kupita

Wasomaji wetu wa Geita, Katoro na Sengerema, mwenzenu mkubwa kwenye safari hii alikuwa kivuko cha Kigongo. Foleni yake ilikula asubuhi nzima. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na sasa mnavuka kwa dakika chache hadi Usagara na kuingia jijini.

Watoto watataka kuliona, nanyi mtataka picha. Pigeni mkiwa ndani ya gari linalotembea. Kusimamisha gari katikati ya daraja na kushusha watoto penye malori na mabasi ni kuitafuta ajali.

8. Nyegezi: shukeni wa mwisho

Mabasi ya upande wetu huingia stendi ya Nyegezi. Gari likisimama, wapiga debe na wabeba mizigo wanakuwa mlangoni kabla ya mlango kufunguka. Msishindane nao. Kaeni hadi abiria wenye haraka washuke, kisha mtu mzima mmoja ashuke kwanza, watoto wafuate, mtu mzima wa mwisho akague viti. Mhesabuji aseme namba yake.

Mifuko ya mgongoni ihamie kifuani. Mtu akimshika mtoto mkono kwa kisingizio cha kuwaonyesha gari, mwambie wazi, "Asante, tunajua tunakoenda," hata kama hamjui. Mkitaka kuuliza njia, ulizeni ofisi ya stendi, askari, au mama mwenye meza yake ya chai. Mwenye meza yuko hapo kila siku, huyo hana sababu ya kukupoteza.

Chooni mwende hapohapo stendi, wote, hata anayesema hajisikii. Kuweni na sarafu mkononi.

9. Mjini: mishikaki hapana

Kutoka Nyegezi hadi katikati ya jiji daladala ni nyingi. Ingieni gari lenye nafasi ya wote. Msikubali kugawanywa kwenye magari mawili, baba huku na mama kule. Ikibidi, basi kila gari liwe na mtu mzima mwenye simu yenye chaji, na kituo cha kushukia kitajwe kwa jina.

Bodaboda ni za mtu mmoja mzima aliyevaa helmeti. Baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, ile tunayoiita mishikaki, hata kama Kolandoto mnaifanya kwenda gulioni, barabara za Mwanza zina vilima, kona na malori. Bajaji inafaa kwa familia ndogo. Patana bei kabla ya kukaa, watoto wakae ndani katikati, na mguu wa mtu usining'inie nje.

Kuvuka barabara, tumieni pundamilia, lakini msiamini rangi nyeupe peke yake. Subirini gari lisimame kabisa. Mtu mzima mmoja atangulie, mmoja afunge mkia.

10. Saanane: jaketi kwanza, picha baadaye

Saanane ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, na iko ndani ya jiji. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Jina lake ni la Mzee Saanane, aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake kisiwani kabla ya serikali kukichukua. Boti huondokea ofisi za TANAPA upande wa jiji na kufika kwa muda mfupi tu. Kuna swala pala, tumbili, pimbi wanaoota jua maweni, kenge na ndege wa kila rangi.

Ufupi wa safari usiwadanganye. Watu wa ziwa hili wanakumbuka MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza, mamia ya watu wakafa. Wanakumbuka pia MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, iliyopinduka ikikaribia gati ya Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220 katika kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria 101. Kote kuwili nchi kavu haikuwa mbali, na kote kuwili chombo kilibeba kupita uwezo wake.

Kwa hiyo: kila mtu avae jaketi okozi kabla ya kukanyaga boti, na la mtoto liwe la mtoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiingia majini. Lifungwe kamba zote. Kaeni, msisimame wote upande mmoja kupiga picha. Ukiona boti imejaa, subiri inayofuata. Mtu wa pembeni akiwaita kwa bei ya chini apitishe familia kwa mtumbwi wake, mshukuruni, msiende. Panda asubuhi, upepo ukiwa bado mdogo, na mawimbi yakichafuka ahirisheni. Kisiwa hakihami.

Kisiwani, tembeeni na mwongozo. Tumbili wasipewe chakula, kwa sababu tumbili aliyezoea karanga humnyang'anya mtoto bila salamu. Kando ya maji msikae. Mamba ni wa kweli.

11. Ziwa ni la kutazama

Hiki ndicho kidokezo ambacho wazazi hukivunja kirahisi zaidi. Mtoto kakulia kwenye nchi ya malambo na visima, leo kaona maji yasiyo na mwisho, anaomba aingize miguu tu. Mwambie hapana.

Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matete, vinaogelea, vinapenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, bila maumivu. Hakuna jeraha linalohitajika. Kina kifupi, pale mzazi anapoona ni salama kwa sababu mtoto hatazama, ndipo konokono wanapokaa.

Kama mmeingia tayari, kausheni mwili mara moja kwa taulo, lakini msijidanganye kwamba taulo ni tiba. Baada ya miezi miwili hivi mpelekeni mtoto apimwe, na mkiona homa, maumivu ya tumbo au damu kwenye choo kabla ya hapo, nendeni mapema. Hospitali ya Kolandoto tunayo mlangoni. Dawa ya praziquantel inatibu kichocho vizuri, ila mganga lazima aambiwe kwamba mtoto alioga ziwani.

Wanaotaka kuogelea watafute bwawa la hoteli. Hapo nako mtu mzima akae ukingoni macho kwenye maji, simu mfukoni. Mtoto anayezama hapigi kelele.

Jiwe la Bismarck lipo karibu na kivuko cha Kamanga, na jina hilo lilibaki tangu enzi za Wajerumani, likimtaja kansela wao Otto von Bismarck. Kulitazama kutoka ukingoni ni raha tupu. Watoto wasipande mawe ya majini kwa ajili ya picha. Jiwe lenye ukoga linateleza hata kwa mvuvi.

12. Bujora: mbele ya nyoka, kaa nyuma

Kwa Msukuma wa Kolandoto, Bujora ni shule ya siku moja. Makumbusho haya yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada, na pale mtoto anaona ngoma za watemi, nyumba ya jadi, zana za mhunzi na za mganga. Mpeleke na babu au bibi kama afya inaruhusu. Maelezo ya mwongozo ni mazuri, lakini bibi akisema "hiki mama yangu alikuwa nacho", watoto hunyamaza wote.

Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo, mashindano ya ngoma ya vikundi vya Bagika na Bagalu. Ni tamasha la kukumbukwa, na ni umati mkubwa. Mkienda siku hiyo, simameni pembeni, karibu na njia ya kutokea, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana: mlango wa kanisa, kwa mfano, ambalo lina umbo la nyumba ya Kisukuma na halifichiki. Wacheza na nyoka wakiingia uwanjani, mtoto abebwe au ashikwe mkono, nyuma ya mstari. Nyoka wao ni nyoka.

13. Jua, tumbo na maji

Mfuko wa chakula kutoka nyumbani huokoa pesa na tumbo. Matobolwa na karanga havichachi njiani, vinashibisha, na watoto wanavipenda. Ongeza ndizi na maji ya kunywa ya kutosha kila mmoja. Mchana, kula sato aliyekaangwa mbele yako, wa moto, na ugali wa moto. Kachumbari iliyokaa tangu asubuhi iache. Mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, na miiba ya samaki wa watoto wadogo itolewe na mkubwa.

Kofia kwa kila mtoto, na kivuli kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kama familia ina mtoto mwenye ualbino, yeye apangiwe siku kwanza, wengine wafuate: kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua yanayopakwa tena kila baada ya saa mbili, na boti ya asubuhi badala ya mchana. Mkono wake usiachwe kwa mtu msiyemjua, hata kwa dakika ya kununua maji. Historia ya ukanda wetu inatudai umakini huo, na mtoto huyo ana haki ya Mwanza kama ndugu zake.

Dawa anazotumia mtu ziwe mfukoni, si kwenye begi la chini. Na mjue hospitali mapema: Sekou Toure na Bugando zote ziko jijini, na kila dereva wa bajaji anazijua.

14. Akipotea, na mkirudi

Wafundishe watoto sheria moja: ukitazama ukaona hatupo, simama hapohapo. Usitutafute, sisi ndio tutakutafuta. Muda ukipita, mfuate askari, mlinzi mwenye sare, au mama mwenye watoto, umtajie jina na namba ya simu.

Wakubwa nao wajue zamu zao. Mmoja anabaki na watoto waliopo, haondoki. Mmoja anarudi kwenye njia mliyopita. Wa tatu anatoa taarifa kwa mlinzi na kuonyesha ile picha ya asubuhi. Msisubiri kwa kuona aibu. Polisi ni 112, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, zimamoto na uokoaji ni 114, na hakuna sheria inayosema usubiri saa 24 kutoa taarifa. Akipatikana, mkumbatie kwanza. Mtoto aliyechapwa kwa kupotea, siku nyingine atajificha.

Saa ya kurudi iwe saa tisa alasiri, mguu Nyegezi. Ni kweli, tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na gari la jioni halitakosekana. Lakini usiku barabarani kuna malori yaliyoharibika bila taa, ng'ombe wanaovuka, na dereva aliyeanza kazi alfajiri kama ninyi. Ukiondoka saa tisa unafika giza likiwa linaanza, watoto wakiwa na nguvu ya kutembea hadi nyumbani.

Kwa hiyo leo jioni, kabla hujaahidi tarehe, kaa na mwenzako mjibu maswali matatu: tunaenda sehemu zipi mbili, nani anahesabu, na saa ngapi tunageuza. Mkishajibu, waambieni watoto. Mkikosa jibu hata moja, safari isubiri Jumamosi nyingine.